Kutoka Mezani Kwenda Wodini

(Hotuba iliyotolewa Ipogolo katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Wengi mnanijua kama afisa mipango. Kazi hiyo niliiacha. Leo mimi ni muuguzi, bado mtumishi wa umma, na nina umri wa miaka 45.

Chanzo ni mama. Alikuwa na kisukari, akapata kidonda mguuni. Muuguzi wa zamu alinifundisha kukisafisha na kukifunga, maana tusingeweza kumpandisha mama mlima wa Ipogolo kwenda mjini kila siku. Nilifanya hivyo miezi minne, kila jioni nitokapo kazini, hadi kikapona. Ndipo nikajiuliza: katika miaka 12 ya ofisini, ni lini nimeona kwa macho matunda ya mikono yangu?

Nilikuwa na miaka 39. Nilikuwa nimesikia kwamba huko Marekani mwenye shahada ya fani nyingine husomeshwa uuguzi kwa muda mfupi. Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianza mpango huo mwaka 1971. Nikadhani shahada yangu nami itanifupishia njia. Hapa kwetu sivyo. Chuoni waliniomba cheti cha kidato cha nne: Biolojia, Kemia na Fizikia. Stashahada ni miaka 3, kwa kijana na kwa mzee.

Cheti kile kilikuwa sandukuni. Fizikia nilipata D. Nikiwa kidato cha tatu nilitaka kuliacha somo hilo, mwalimu wangu akakataa katakata. Nilimchukia sana. D ile ndiyo iliyonifungulia mlango baada ya miaka 21.

Sitawaficha shida. Mke wangu alibeba nyumba yote. Nilikaa dawati moja na vijana wa umri wa mwanangu, na mtihani wa kwanza wa anatomia nilishindwa. Mgonjwa wangu wa kwanza alipofariki, nilitamani kurudi kwenye mafaili yangu. Muuguzi wa zamu aliniambia tu, "Nenda kanawe, kitanda cha sita kinakungoja." Nilikwenda.

Wapo wanaocheka kwamba msomi wa chuo kikuu anamwaga haja za wagonjwa. Wazee nao, wakiona mwanamume, huniita daktari. Nawasahihisha: mimi ni muuguzi.

Wanafunzi, nawaasa msiache somo kwa sababu tu ni gumu mwaka huu. Nanyi wenzangu mnaofikiria kubadili kazi, ulizeni masharti ya chuo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, wekeni akiba, na zungumzeni kwanza na watu wa nyumbani kwenu.

Mwalimu wangu wa Fizikia yupo hapa leo, amekaa mstari wa pili. Mwalimu, shikamoo, na asante.