Mwizi Asiyevunja Kufuli

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kitui na Makueni)



Leo tuzungumze juu ya mwizi asiyevunja kufuli. Mweka hazina anahesabu pesa za sanduku mwezi wa kwanza: shilingi 20,000. Mwezi wa kumi na mbili anahesabu tena, ni zile zile. Hakuna aliyeiba. Lakini mkienda kununua mabati, mnapata machache kuliko yale mngepata mwanzo wa mwaka. Je, nini kimepotea?

Noti haikupungua. Kilichopungua ni nguvu yake ya kununua. Hali hii huitwa mfumko wa bei.

Tuelewane hapa. Mvua ikikosa na gorogoro ya mahindi ikapanda, huku sabuni na mabati vikibaki pale pale, huo ni upungufu wa mahindi. Mavuno yakija, bei hushuka. Mfumko ni pale bei za karibu vitu vyote zinapopanda pamoja na kuendelea kupanda.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1993. Wakati wa uchaguzi wa Desemba 1992 pesa nyingi zilimwagwa nchini, hata noti ya shilingi 500 ikapewa jina la utani, "Jirongo". Pesa ziliongezeka, lakini magunia ya mahindi na pojo hayakuongezeka. Pesa nyingi zikakimbilia vitu vichache. Shilingi nayo ikaanguka mbele ya dola, basi mafuta na vitu vingine kutoka nje vikapanda. Bei za mwaka 1993 zilizidi za mwaka uliotangulia kwa wastani wa asilimia 46. Yaani kitu cha shilingi 100 kikawa 146. Aliyeficha shilingi 100 chini ya godoro alibaki na nguvu ya shilingi 68 tu.

Je, mambo hayo yameisha? Hapana. Oktoba 2022, wakati wa ukame na mafuta ya bei ghali, mfumko ulifika asilimia 9.6 kwa mwaka.

Sasa tutazame mzunguko wetu. Tuseme mko wanachama 12, kila mmoja anatoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Wa Januari anapokea 12,000, ananunua mabati 12 ya shilingi 1,000. Kufika Desemba bati ni 1,100. Wa mwisho anapata mabati 10 na chenji ya 1,000. Wote wamechanga sawa, lakini hawakupata sawa! Manung'uniko mengi ya vikundi huanzia hapo, na mweka hazina hulaumiwa bure. Katika mwethya, siku niliyolima kwako ulinirudishia kwa siku ya kulima kwangu. Siku ya jembe ni siku ya jembe. Shilingi haiko hivyo.

Tufanye nini?

Kwanza, atakayekuwa wa mwisho mzunguko huu awe wa kwanza mzunguko ujao. Au mkubaliane kuongeza mchango kidogo bei zikipanda.

Pili, pesa isilale sandukuni. Mkikopeshana, angalieni faida. Mkitoza asilimia 5 kwa mwaka na bei zikapanda kwa 10, mfuko wenu unarudi nyuma ingawa kitabu kinaonyesha faida.

Tatu, kama mnaweka akiba ya kujenga tangi, nunueni mapema vile visivyoharibika, kama mabati. Saruji ngojeni, maana ikipata unyevu hugeuka jiwe. Mbuzi huzaa, lakini ukame tunaujua sisi wenyewe. Msiweke mali yote zizini.

Mwisho, nawapa kazi. Kila mkutano, katibu aandike kitabuni bei ya vitu vitano: unga, sukari, sabuni, mafuta ya taa na bati. Baada ya mwaka mmoja mtamjua mwizi huyu kwa sura, na hamtamshuku tena mweka hazina wenu.