MFANYAKAZI WA DUKA ASIACHWE PEKE YAKE

Hotuba ya mwuzaji duka mstaafu mbele ya wafanyakazi wa maduka ya Karatu na Ngorongoro



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analifahamu, lakini aghalabu hatulizungumzi mpaka tumekwisha kufunga milango: matusi ya wateja. Sikuja kuwafundisha uvumilivu. Uvumilivu mnao, pengine kupita kiasi. Nimekuja kumzungumzia yule mfanyakazi wa pili, aliyesimama hatua tatu tu kutoka pale mwenzake anapotukanwa. Yeye hufanya nini?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1982 nilikuwa mwuzaji katika duka moja la ushirika sehemu hizi, wakati Karatu ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu. Wenye umri wangu wanaikumbuka hali ilivyokuwa. Vita vya kumng'oa Idi Amin vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kutuachia uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Sabuni ilikuwa adimu, sukari ilikuja kwa mgawo, na maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalikuwa yamefungwa tangu Operesheni Maduka ya mwaka 1976. Mteja hakuwa na mahali pengine pa kwenda, nasi hatukuwa na cha kumpa.

Siku moja aliingia mtu mwenye cheo chake, akaambiwa na dada niliyekuwa nikifanya naye kazi kwamba sukari imekwisha. Ilikuwa imekwisha kweli. Bwana yule akamtukana kwa kabila lake, kisha akamtukana mama yake mzazi, mbele ya foleni iliyofika nje. Mimi nilikuwa na daftari la bohari mkononi. Nikaliinamia, nikajifanya ninajumlisha, na niliendelea kujumlisha mpaka bwana yule alipoondoka.

Dada yule hakulia mbele yetu. Aliuza hadi jioni, na jioni fedha zake zikapungua, kwa kuwa mtu ambaye mikono yake inatetemeka hawezi kuhesabu chenji sawasawa. Upungufu ule ukakatwa katika mshahara wake, na mwezi uliofuata akaacha kazi. Miaka mingi baadaye nilimkuta Mto wa Mbu akiuza ndizi. Tulisalimiana vizuri. Hakuniuliza habari za bwana yule. Aliniuliza kama hesabu zangu za siku ile zililingana.

Ndugu wafanyakazi, lazima niseme na upande wa pili, maana wapo humu wazee waliokuwa kwenye foleni zile. Baadhi ya maneno makali tuliyoambiwa miaka hiyo tulikuwa tumeyatafuta wenyewe. Wapo wauzaji waliouza sukari kwa mlango wa nyuma na kuwaambia akina mama waliosimama tangu alfajiri kwamba hakuna kitu. Wenzao walijua, wakanyamaza, na kunyamaza huko wakakuita umoja. Marehemu Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, maduka hayakusalimika, na hayakustahili kusalimika. Mteja anayedai mzani uwe sawa hatukani, anadai haki yake. Mama wa Kibarbaig anayechekwa na wauzaji kwa sababu ya mavazi yake ndiye anayetukanwa, hata kama hakuna aliyepaza sauti. Kwa hiyo ninapowaomba msimame pamoja na mwenzenu, siwaombi mseme uongo kwa ajili yake.

Sasa tuitazame hali ya leo. Mji huu umekua kwa sababu ya barabara iendayo Ngorongoro. Lipo duka la vinyago na vitenge, lipo duka la pembejeo, yupo wakala wa fedha za simu katika kibanda chake, na wote hao wana matusi yao. Wakala hutukanwa na mtu aliyetuma fedha kwa namba isiyo yake, akadhani kwamba aliyemhudumia ndiye aliyezila. Mwuza mbolea hutukanwa kwa bei ambayo hakuipanga. Siku ya mnada hufika mteja aliyekwisha pitia kilabuni. Mwuzaji wa vinyago naye hutukanwa kwa lugha ambayo pengine haijui. Asichokielewa ni maneno tu, kwa kuwa kidole kinachomnyooshea uso wake anakielewa barabara. Na hapo kuna tatizo jingine. Dereva aliyemleta mgeni huyo ana njia zake za kupeleka wageni duka la jirani kesho, kwa hiyo msimamizi wa duka humwomba radhi mgeni kabla hajauliza kilichotokea.

Wenzetu wanaofanya kazi katika maduka ya hoteli zilizoko kwenye ukingo wa kreta wana shida zaidi. Kule juu, mita zipatazo 2,300 kutoka usawa wa bahari, asubuhi nyingi ukungu hufunika kila kitu. Mgeni aliyelipa fedha nyingi ili aione kreta huamka akaona ukuta mweupe, na mtu wa kwanza wa kumlaumu ni msichana anayeuza kadi za picha. Msichana huyo hawezi kwenda nyumbani jioni akalalamika kwa mama yake. Analala katika nyumba za wafanyakazi, ndani ya hifadhi, na walio karibu naye ni wale wale waliokuwa kazini. Wakimpa kisogo mchana, usiku hana wa kumwambia.

Wengine watauliza, sheria inasema nini? Sheria ipo, lakini iko mbali na kaunta. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza viongozi kuwa na majivuno na dharau, na wafanyakazi wa viwanda waliushika vizuri, hata wakasimamisha kazi kuwakataa mameneja waliowatukana. Lakini Mwongozo ulimgusa mkubwa wa kazi. Mteja haukumtaja. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 89, inahesabu matusi yanayoweza kuvunja amani kuwa kosa la kumfunga mtu miezi 6. Hata hivyo, ni mwuzaji gani atakayemfikisha polisi mgeni ambaye baada ya dakika kumi atakuwa amekwisha lipita lango la Lodoare? Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2019 Mkataba Namba 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini, na mkataba huo unautambua hata ule unaoletwa na watu wa nje, yaani wateja. Ni jambo la kushukuru. Lakini mteja akiwa anapiga meza, mkataba uko Geneva na wewe uko hatua tatu.

Basi niwaambie nilichojifunza kwa mzee mmoja aliyekuwa mtunza bohari katika duka nililohamia baadaye. Yeye, aliposikia sauti ya mteja inapanda na kugeuka matusi, alitoka bohari pole pole, akasimama bega kwa bega na mwuzaji, akamwambia: "Unahitajika bohari." Hakumtetea kwa maelezo marefu, wala hakumjibu mteja matusi. Mwuzaji akaondoka kwa heshima yake, kama mtu aliyeitwa kazini. Kisha mzee akamwuliza mteja: "Ndugu, tatizo ni bei au ni bidhaa?" Swali hilo lilikuwa na nguvu ya ajabu. Mwenye lalamiko la kweli alilitaja, akasaidiwa. Asiye na lalamiko alibaki na matusi yake mikononi, na watu wote wakamtazama. Aliyeendelea aliambiwa kwamba hatauziwa siku hiyo.

Kule bohari mwuzaji aliyeitwa hakupewa magunia ya kuhesabu. Alipewa kiti na maji. Na jioni mzee yule alihesabu naye fedha, wote wawili wakatia sahihi kwenye daftari, pamoja na saa ya tukio na maneno yaliyosemwa. Wakati ule niliona ni ukarani uliozidi. Siku hizi naona kwamba mzee alikuwa akituwekea akiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 28, hairuhusu mwajiri kujikatia tu upungufu kutoka kwenye ujira. Anatakiwa aeleze kwa maandishi chanzo na kiasi cha hasara, ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya ujira. Dada yangu wa mwaka 1982 angekuwa na daftari lenye sahihi mbili chini ya sheria kama hii, asingeacha kazi kwa sababu ya kosa la ulimi wa mtu mwingine.

Hali kadhalika, mfanyakazi akiachishwa kazi kwa sababu mteja amemshtaki kwa simu au ameandika ubaya wake katika mtandao, ana siku 30 tu za kufikisha malalamiko yake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 ni chache mno kuanza kumbembeleza mwenzako aje kutoa ushahidi wa alichokiona. Na aliyefanya kazi kwa mwajiri wake chini ya miezi 6 hana hata kinga hiyo ya kuachishwa isivyo halali. Lakini sisi tunamweka nani kaunta ya mbele siku ya wateja wengi? Tunamweka mgeni kazini, kwa madai kwamba azoee. Jambo hili sharti libadilishwe, na halihitaji sheria mpya. Linahitaji wauzaji wakongwe wakubali kusimama mbele.

Najua maduka yenu mengi yana wafanyakazi wawili au watatu, na mengine yana mmoja. Kwa hao naona njia ni jirani. Wenye vibanda vya simu pale stendi wanaweza kuafikiana neno moja la kuitana, na anayelisikia aje, hata kama wawili hao wanagombania wateja siku zote. Mkiwa wengi, jiungeni na TUICO, kwa maana mwajiri hujibu barua ya chama kwa haraka kuliko machozi ya mtu mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, naomba niishie hapa, ili wenzetu waliotoka Mang'ola na Endabash wapate nafasi ya kuuliza maswali kabla magari ya jioni hayajaondoka.