Mwanafunzi Atafanya Nini? Kubuni Somo kwa Wanafunzi Wasiofanana



Swali ninalolileta kwenu ni jepesi kulitamka: mwalimu anapokaa jioni kuandika andalio la somo, aanzie wapi? Wengi wetu tulizoezwa kuanzia kwenye mada: niseme nini, niandike nini ubaoni, nimalizie na zoezi lipi. Hoja yangu ni kwamba tuanzie upande wa pili. Kwanza tuamue mwanafunzi atafanya nini. Kisha tujiulize ni nani humo darasani ambaye kazi hiyo itamshinda, na kwa nini. Mengine, yaani chaki, redio, vishikwambi, yafuate baada ya hapo.

Mfano bora wa ubunifu wa aina hii tunao nyumbani. Wakati wa sensa ya mwaka 1967, takribani theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaendesha vikundi vya kusikiliza redio vilivyoitwa Wakati wa Furaha. Uzoefu huo ndio uliozaa kampeni kubwa ya mwaka 1973: Mtu ni Afya.

Hebu tazameni kazi iliyowakabili wabunifu wake. Walitaka kufundisha kinga ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Wanafunzi wao walikuwa bibi asiyejua herufi hata moja, kijana aliyehitimu shule ya msingi, mvuvi, mkulima wa pamba, mama mwenye mtoto mgongoni. Hapakuwa na madaktari wa kutosha kupeleka kila kijiji, na hata wangekuwapo, hotuba ya daktari ingewaacha wengi pale ilipowakuta.

Wabunifu hao hawakugawa watu kwa madaraja ya elimu. Waliwaweka pamoja katika vikundi vidogo, wakakutana kila wiki kwa wiki kumi na mbili. Kipindi kilisikika redioni. Kijitabu kilisomwa kwa sauti na yeyote aliyejua kusoma. Picha zilitazamwa. Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza: hapa kwetu hali ikoje? Mbu wanazaliana wapi? Watoto wetu wanaoga maji gani? Kikundi kilijadili na kuamua hatua ya kuchukua, kikaenda kuitekeleza: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Kiongozi wa kikundi hakutakiwa kuwa mtaalamu. Alifunzwa kuuliza na kusimamia mazungumzo. Viongozi wapatao 75,000 waliandaliwa, na washiriki walifikia takribani milioni 2.

Siri ya ubunifu huo naiona katika mambo matatu. La kwanza, ujumbe mmoja ulipitia njia kadhaa, kwa hiyo aliyekosa mlango mmoja aliingilia mwingine. La pili, asiyejua kusoma hakuja kuwa mtazamaji. Yeye ndiye aliyejua maji ya kijiji yanatoka wapi na yanachafuliwa na nani. Bila maarifa yake mjadala usingekuwa na cha kujadili. La tatu, somo lilikuwa na mwisho unaoonekana kwa macho. Wiki inayofuata kikundi kingeweza kuulizana: tulichoazimia kimefanyika?

Kampeni hiyo ilikuwa na mipaka yake. Choo kilichochimbwa hakithibitishi kwamba familia nzima inakitumia, na hamasa ya wiki kumi na mbili haiwezi kuchukua nafasi ya huduma za afya za kila siku. Lakini kwa ubunifu wa somo peke yake, sijaona andalio la darasani linaloishinda.

Sasa niligeukie jambo linalosemwa sana katika semina za walimu. Tunaambiwa kuna mwanafunzi wa macho, wa masikio na wa mikono, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu, wanasaikolojia wa Marekani, walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu dai hilo. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo anaoupenda kunamfanya ajifunze zaidi. Vikundi vya Mtu ni Afya vilikuwa vimekwisha kutenda kinyume cha dai hilo: kila mshiriki alisikiliza, alitazama, alizungumza na alishika jembe.

Kwa hiyo wanafunzi wanatofautiana wapi? Kwanza, katika kile wanachokijua kabla somo halijaanza. Pili, katika uwezo wa kuona, kusikia na kutumia viungo. Tatu, katika muda: yuko anayetoka shuleni akakuta mwanga na meza, na yuko anayekuta ndoo na wadogo zake wakimsubiri. Nne, katika lugha, na hili tunalipita haraka mno. Mtoto wa Tanzania aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akakuta masomo kwa Kiingereza. Aliyekuwa akinyoosha mkono wa kwanza anakuwa bubu. Tukimwita mzito wa kuelewa, tumepima lugha tukadhani tumepima akili. Mwalimu anayewaacha wanafunzi wajadili swali kwanza kwa lugha wanayoimudu, kisha wakaandika jibu kwa lugha ya mtihani, hajavunja heshima ya somo. Amewafungulia mlango.

Nitoe mfano wa darasani, kwa sababu najua mmoja wenu ananiuliza moyoni: mimi nina watoto tisini, nitafanyaje? Chukueni somo la sehemu, darasa la nne. Mwalimu anaandika ubaoni 1/3 na 1/4, anauliza ipi ni kubwa. Wote wanafumba macho, kila mmoja anaonyesha jibu kwa vidole kifuani. Wengi huchagua 1/4, kwa kuwa nne inaizidi tatu. Mwalimu hasahihishi. Anasema: kila wawili chukueni karatasi mbili zilizo sawa, moja mkunje ipate sehemu tatu zilizo sawa, nyingine sehemu nne, halafu kila mmoja amthibitishie mwenzake. Baada ya dakika kadhaa wanaonyesha vidole tena.

Asiyeona anapewa swali kwa sauti, na jibu analipata kwa kupapasa karatasi ileile. Kiziwi anaonyeshwa swali kwa Lugha ya Alama, na mkunjo anauona. Aliyejua jibu tangu mwanzo anapewa kazi ngumu zaidi: atunge swali litakalomkosesha jirani yake. Lengo ni moja na karatasi ni zilezile. Gharama yake ni karatasi zilizokwisha kutumika ofisini, na mwalimu amejua kwa dakika moja fikra za watoto tisini, jambo ambalo kumnyooshea kidole mwanafunzi mmoja hakuwezi kumpa.

Njia hiyo ina historia hata vyuoni. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza kuitumia mwaka 1991: swali, kura, majadiliano ya jirani kwa jirani, kura tena. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ya mihadhara mitupu waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8, palipokuwa na ujifunzaji shirikishi walikuwa asilimia 21.8. Natambua kwamba nayasema haya nikiwa nimesimama kwenye mimbari, ninyi mmekaa kimya.

Hata hivyo tusichanganye ushiriki na burudani. Utafiti mwingine, uliofanyika Harvard na kuchapishwa mwaka 2019, uligundua kwamba wanafunzi waliofanya kazi darasani walijifunza zaidi, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo mwanafunzi huutafsiri kuwa hajaelewa. Kicheko darasani ni kizuri, lakini hakitoshi kuwa kipimo.

Onyo hilo linavihusu pia vifaa. Kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, kimeonyesha kwamba hisabati inaweza kufundishwa kwa katuni na nyimbo ikapendwa. Lakini skrini inayomwacha mtoto atazame tu haimpi cha kufanya, kama ilivyo hotuba. Na sisi wa vyuo tunaofundisha kwa intaneti tukumbuke kwamba faili la kurasa sitini lililopandishwa mtandaoni bado si somo. Linakuwa somo pale mwanafunzi aliyeko mbali anapokuta ndani yake swali, kazi ya kufanya, na mtu wa kumjibu.

Ndugu zangu, mtaala wetu wa sekondari umezungumzia umahiri tangu mwaka 2005. Umahiri hauji kwa kuandikwa kwenye jalada la muhtasari. Nawaomba wakufunzi wa vyuo vya ualimu: msipokee andalio lisiloonyesha kazi ya mwanafunzi kwa kila hatua, na atakavyosaidiwa atakayekwama. Nawaomba wathibiti ubora wa shule: mnapoingia darasani, mtazameni mwalimu kidogo, watazameni wanafunzi zaidi. Na ninyi walimu, msisubiri semina wala kompyuta. Chagueni kipindi kimoja wiki hii, andikeni kwanza watoto watafanya nini, kisha mkifundishe hivyo.