Njia ya Gari ya Depo Yetu: Maua ya Juu na Kazi ya Chini
Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, Baraka, kabla ya kura ya kuchagua mjenzi



Tumeombwa tuseme juu ya ile njia ya gari, toka lango mpaka mlango wa depo. Kila mmoja hapa anaijua. Mvua zikirudi mwezi wa tisa, lori la mihogo linazama palepale langoni, mama zetu wanabeba mifuko kichwani na matope yamefika magotini, na mwenzetu wa kiti cha magurudumu hafiki ofisini kabisa. Kwamba zege litawekwa, hilo mkutano uliopita ulikwisha kata. Lililobaki ni zege la namna gani, na nani alimwage.

Ndugu zetu waliotoka Nyarugusu wakapelekwa Marekani walituma picha kwenye simu. Njia za gari za kule, mbele ya nyumba, zina sura ya mawe yaliyopangwa, kumbe ni zege tupu lililopigwa nakshi. Wakasema: « Muweke yenye maua, sisi tutatuma makuta. » Picha ni nzuri, hatubishi. Na mtu aliyeishi miaka chini ya hema ana haki ya kutaka kitu kizuri mlangoni pake. Lakini kabla ya kupenda, tujue inavyofanyika.

Zege linamwagwa na kusawazishwa kama kawaida. Likiwa bado laini, linanyunyiziwa unga wa rangi, halafu mikeka ya mpira yenye sura ya mawe inalazwa juu na kukandamizwa. Ukikandamiza mapema, mkeka unazama. Ukichelewa, haushiki. Na kwa jua la hapa kando ya ziwa, muda wa katikati ni mfupi sana. Unahitaji watu wengi wanaojua kazi, na mikeka ya kutosha, siyo miwili ya kuazima. Ikishakauka inapakwa dawa ya kuilinda, na dawa hiyo lazima irudiwe baada ya miaka michache, la sivyo rangi inafifia. Tena dawa ikilowa inateleza, isipokuwa imechanganywa na chembechembe za kushika mguu. Mama mwenye mfuko kichwani ateleze kwa sababu ya urembo? Na zege la rangi likipasuka, kiraka chake kinaonekana toka barabarani, maana rangi ile ile haipatikani mara ya pili.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo maneno yanapokwisha. Njia yetu ina meta 20 kwa meta 4, ni meta mraba 80. Kwa gari dogo, unene wa sentimeta 10 unatosha. Kwa lori lenye mzigo hautoshi, tunataka 15. Sentimeta 10 ni meta kube 8 za zege, sentimeta 15 ni 12. Tukiweka mifuko 7 ya simenti ya kilo 50 kwa kila meta kube, ni mifuko 56 au 84. Tofauti ni mifuko 28. Hiyo 28 ndiyo inayopotea kwa urahisi, kwa sababu ukishamwaga hakuna anayeiona. Maua yanaonekana na kila mtu. Unene anaujua fundi na Mungu wake.

Kwa hiyo maoni yetu, sisi tunaozunguka kwenye miradi, ni haya. Njia yote ya lori iwe zege la kawaida, nene, lililopigwa fagio juu ili lisiteleze. Nakshi iwekwe kwenye ile sehemu ndogo mbele ya mlango wa ofisi, ambako hakuna gari linalopita. Ndugu wa Marekani watapata picha yao, na lori litapita. Kama kura ikisema vingine, tutafuata kura, lakini unene usiguswe.

Mjenzi, sasa. Proforma tatu zimeingia. Ile ya bei ya chini imeandika mstari mmoja: « njia ya gari, zege la maua, yote pamoja. » Yote pamoja ni nini? Proforma isiyosema unene, idadi ya mifuko na siku za kazi, hiyo siyo proforma. Tumewarudishia wote watatu maswali yale yale. Udongo mtauchimba kina gani, mtashindilia na nini? Maji ya mvua yataelekea wapi? Sisi tunataka mteremko wa sentimeta 2 kwa kila meta, kuelekea mfereji, siyo kuelekea depo. Mtakata mistari ya kuachanisha zege kila baada ya meta ngapi? Zege litapasuka tu, hiyo ni tabia yake. Mstari uliokatwa, wa kina cha robo ya unene, unaliambia lipasukie wapi. Kwa unene wetu, kila meta 4 ni sawa. Fundi asiyejua jibu la swali hilo atafute kazi nyingine.

Na atuonyeshe kazi aliyoifanya zamani, iliyokwisha kulala mvua mbili. Siyo ya mwezi jana. Zege la mwezi jana ni zuri kwa kila mtu.

Kuna jambo linalosemwa chini kwa chini, tuliseme hapa juu: mmoja wa hao watatu ni ndugu wa mwanachama. Siyo kosa. Lakini undugu siyo proforma. Ajibu maswali kama wenzake, na mwanachama huyo atoke nje wakati wa kura.

Pesa tusimpe mtu mkononi ya kununulia vitu. Simenti, mchanga na kokoto vinunuliwe na komite, kwa fakturi, na mama wa hazina ahesabu mifuko ikiingia na ikifunguliwa. Mfuko uliolowa kwenye boti ukawa na mabonge magumu urudi dukani. Mchanga tuupime kwa chupa: weka mchanga na maji, tikisa, acha utulie. Tope likijilaza juu kama kidole, mchanga huo hatuutaki. Na maji ya zege yapimwe, kama lita 25 kwa mfuko, pungufu kama mchanga umelowa. Wafanyakazi wanapenda kuongeza maji kwa sababu zege linakuwa jepesi kusukuma. Linakuwa jepesi kuvunjika pia.

Mjenzi alipwe kazi ya mkono tu, kwa vipande: robo udongo ukishashindiliwa na kukaguliwa, nusu zege likishamwagwa na kulowanishwa siku 7, robo ya mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza, tukiona maji yanakwenda tulikosema. Akiomba kidogo cha kulisha watu wake mwanzoni, apewe, kikatwe baadaye. Yote yaandikwe kwa Kiswahili, yatiwe sahihi mbele ya chefu wa avenyu.

Vijana wetu waliojifunza umasoni kambini waandikwe majina ndani ya mapatano hayo, wanne angalau, na malipo yao ya siku. Kulowanisha zege asubuhi na jioni siku 7 ni kazi yao. Magari madogo yasikanyage kabla ya siku hizo 7, na lori lisipite kabla ya siku 28. Mazao yatashushwa barabarani, tuvumilie.

Majibu ya wajenzi watatu yako kwa sekretari, yanasomwa kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Kura ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Tukichelewa kuamua, mvua zitatukuta na shimo wazi.