Kurasa Zetu Tuzipange Wenyewe

Hotuba ya vijana wa darasa la usanifu wa kurasa, Mtama, iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka

   

Tumeombwa tueleze tunachojifunza, na kwa nini umoja wetu uendelee kukichangia. Tunajifunza usanifu wa kurasa, yaani kupanga maandishi, picha na majedwali kwa kompyuta mpaka ukurasa uwe tayari kuchapwa. Kadi ya mchango wa harusi, ratiba ya mazishi, kalenda, tangazo la mnada wa ufuta, mtihani wa majaribio wa shule, kijitabu kama hiki mlichoshika mkononi: kila kimoja kuna mtu aliyekaa akakipanga. Kwa kazi zetu nyingi mtu huyo yuko Dar es Salaam, na hela yake inabaki huko huko.

Uchapaji si mgeni upande wetu. Ukishika barabara ya kwenda Masasi, ukapita Nyangao, unafika Ndanda, kwenye misheni ya Wabenedikto. Wazee wengi hapa wamesoma vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa chini, "Ndanda Mission Press". Lakini zamani kazi kama ile ilitaka herufi za risasi, mashine nzito na chumba kizima cha mafundi. Mambo yalibadilika mwaka 1985, kampuni ya Aldus ya Marekani ilipotoa programu ya PageMaker kwa kompyuta za Macintosh. Kwa programu ile na printa ya leza, mtu mmoja mezani pake aliweza kupanga ukurasa mzima na kuutoa. Zikafuata QuarkXPress mwaka 1987, Microsoft Publisher mwaka 1991 na InDesign ya Adobe mwaka 1999. Kazi ya chumba kizima ikahamia kwenye meza moja. Sisi tunasema meza hiyo inaweza kukaa Mtama.

Mwalimu wetu ni kitabu kimoja cha mafunzo kwa wanaoanza. Tumechagua programu iitwayo Scribus kwa sababu ni ya bure, haidai malipo ya kila mwezi kama InDesign, na ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Bando likiisha, somo linaendelea.

Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, na mifano yake ni ya mbali: jarida la mkahawa, tangazo la duka la maua. Kwa hiyo tulijiwekea utaratibu. Kila zoezi tunalifanya mara mbili. Mara ya kwanza tunafuata kitabu neno kwa neno. Mara ya pili tunafunga kitabu na kulifanya upya kwa jambo la kwetu. Somo la jedwali tulilirudia kwa tangazo la chama cha msingi: tarehe ya mnada, ghala, kilo, bei, makato, na anachobakiwa nacho mkulima. Somo la picha na maandishi tulilirudia kwa kadi ya harusi. Asiyeweza kufanya mara ya pili, hata kama ya kwanza aliipatia, tunasema bado hajajifunza.

Tena tunaandika daftari la Kiswahili. Ukingo mweupe wa ukurasa tunauita pambizo. Mistari ya maandishi inayoshuka sambamba kama kwenye gazeti ni safu. Ukurasa unaobeba vitu vinavyojirudia, kama namba na jina la kitabu, tumeuita ukurasa mama. Daftari hili ndilo litakalomfundisha mdogo wetu aliyemaliza kidato cha nne na ambaye Kiingereza bado kinamsumbua.

Ndugu zetu, tuwape mifano mitatu, mpate kuona kwamba huu ni ufundi kama useremala.

Kwanza, kijitabu. Chukueni karatasi nne za A4, zikunjeni katikati kwa pamoja: mmepata kijitabu cha kurasa 16. Sasa kunjueni karatasi ya nje. Ukurasa wa 1 umelala ubavuni mwa ukurasa wa 16, na nyuma yake wa 2 uko na wa 15. Katikati kabisa wa 8 umekutana na wa 9. Kila jozi ukiijumlisha unapata 17. Ndiyo maana kijitabu cha kupiga pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne. Mteja akileta maandishi ya kurasa 17, tunajua kabla ya kuwasha mashine kwamba atalipia 20 au apunguze moja.

Pili, picha. Picha ya kuchapwa vizuri inataka nukta 300 kwa kila inchi. Yenye nukta 1,200 kwa upana itatosha inchi nne tu, kama sentimita 10. WhatsApp, kwa kawaida, hupunguza picha ili ipite haraka. Kwa hiyo mkitutumia picha ya marehemu au ya maharusi, tumeni kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, na sura itatoka safi.

Tatu, rangi na ukingo. Kioo cha kompyuta hutoa rangi kwa mwanga, mashine hutoa kwa wino. Buluu inayong'aa kwenye kioo inaweza kutoka imepoa kwenye karatasi, kwa hiyo tunatoa nakala moja ya kuangalia kabla ya mia. Na rangi inayotakiwa kufika mwisho wa karatasi tunaipitisha milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, ili kisu kikiyumba kidogo pasibaki mstari mweupe.

Yako ambayo kitabu hakiwezi kufundisha. Hakijui kwamba Nahukahuka ni neno moja, wala jinsi ya kuandika Nyengedi na Nyangamara. Hakijui nani atangulizwe kwenye orodha ya wafiwa, shangazi au mjomba. Aliyekulia hapa anajua, na asipojua atavuka barabara akaulize. Jina la mtu kwenye ratiba ya mazishi yake likikosewa, halirekebishiki tena.

Tunalo pia neno kwa wenye steshenari na kwa walimu wetu. Microsoft imetangaza kwamba baada ya Oktoba 2026 haitaihudumia tena Publisher, na wanaoitumia kupitia Microsoft 365 hawataweza kufungua mafaili yake kwa programu hiyo. Yeyote mwenye mitihani, vyeti au kadi za miaka iliyopita humo azibadilishe kuwa PDF mapema. Leteni flashi, tutawasaidia bila malipo.

Sasa ombi letu. Kwanza tunaomba chumba kimoja chenye mlango wa chuma, kompyuta, printa ya leza, betri ya kutuvusha umeme unapokatika, kisu cha kukatia karatasi na stepla ndefu. Mchanganuo upo kwenye ukurasa wa bajeti. Lakini tunajua darasa linaweza kujengwa, likafungwa, vumbi likaingia kwenye mashine. Kinacholiweka hai ni kazi. Kwa hiyo ombi la pili ni kubwa kuliko la kwanza: kazi zenu zipitie nyumbani. Mwenye harusi Mbagala, kadi yake tunaweza kuipanga Mtama asubuhi, akapokea PDF kwa simu mchana, akachapisha hapo alipo. Mwenye shule, mwenye chama cha msingi, mwenye msikiti au kigango, atujaribu kwa kazi moja ndogo. Tukiharibu, asitulipe.

Kijana anayepata kazi nne kwa wiki hapa Mtama hana haraka ya kupanda basi la Dar es Salaam akatafute kibarua asichokijua. Akipanda, atakwenda na ufundi mkononi.

Na tunaomba jambo moja la mwisho. Kijitabu cha mwaka ujao, chenye hotuba, hesabu na majina ya wachangiaji wote, mtukabidhi sisi tukipange. Mtayasoma majina yenu, na mtatuambia kama tumeyaandika sawasawa.