Bakuli la Mtoto na Bei za Gulio
Maelezo ya Afisa Lishe wa Wilaya katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji



Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini mwetu wamedumaa. Wengi wao hawalali njaa. Wanashiba uji usio na madini wanayoyahitaji. Nasi tukimwambia mzazi ampe mtoto mlo kamili, hutuuliza swali la haki: kwa shilingi ngapi?

Swali hilo ni la hesabu. Mwaka 1945 mchumi wa Marekani, George Stigler, alichukua vyakula 77 na virutubishi tisa, akatafuta mlo wa bei ndogo kabisa unaomtosha mtu mzima. Alipata dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za 1939. Mwaka 1947 kanuni mpya ya George Dantzig ilijaribiwa kwa swali lilelile, ikapata dola 39.69. Makarani tisa walikokotoa kwa mashine za mkono. Leo kompyuta humaliza kazi hiyo kabla hujapepesa macho.

Lakini mlo wa Stigler ulikuwa unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage, basi! Nani angeula mwaka mzima? Hesabu isipowekewa mipaka huleta jibu rahisi lisilolika. Kwa mtoto mipaka hiyo ni mikali zaidi. Tumbo la mtoto wa kilo nane hubeba kama robo lita kwa mlo mmoja. Maziwa ya mama huhesabiwa kwanza. Na mama atokaye shambani saa nane hawezi kupika mara tano.

Hesabu hizi zimefanywa katika nchi nyingi, na kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 upungufu hujitokeza hasa kwenye madini ya chuma na zinki. Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kusaga mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano pamoja, kisha kuuita unga wa lishe. Dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa pamoja na vichwa, humfaa mtoto kuliko nafaka ya tano.

Wakati mwingine kompyuta hujibu kwamba vyakula vya hapa, hata vikipangwa vipi, havifikishi chuma cha kumtosha mtoto mchanga. Hapo mzazi asilaumiwe. Hapo ndipo Halmashauri inapopaswa kuangalia ile shilingi 1,000 inayotengwa kwa kila mtoto inanunua nini.

Wahudumu wa afya watapita gulioni na majumbani kuuliza bei ya fungu la mchicha, ya maharage, ya dagaa. Watajieni bei mnayolipa, ya masika na ya kiangazi, wala si ile mnayodhani Serikali inapenda kuisikia. Waambieni pia chakula anachokitema mtoto.