Kazi ya Someliye: Usome kwa Njia Ipi?

Leo tutazungumza juu ya kazi ya someliye. Huyu ni mtumishi wa hoteli kubwa ambaye kazi yake hasa ni mvinyo. Huununua, huutunza ghalani, humshauri mgeni achague upi kwa chakula chake, kisha huufungua na kuumimina mezani. Asidhani mtu kwamba ni kazi ya ulevi. Anayeonja kwa kazi huutema. Lakini ambaye dini yake inamkataza, hotelini ziko kazi nyingine nyingi.

Masomo ya kazi hii ni ya gharama, na wako watu wanaolipa kwanza halafu ndipo wakauliza. Sisi tuulize kwanza. Je, unataka kusimama mbele ya mgeni, au unataka kuuza mvinyo dukani?

Kama unataka kumhudumia mgeni, itazame njia ya Court of Master Sommeliers. Mtihani wa kwanza wa ubingwa huu ulifanyika London mwaka 1969. Njia hii ina ngazi 4. Ya kwanza ni kozi fupi. Katika ya pili utajibu maswali, utaonja mvinyo, na pia utahudumia meza huku watahini wanakutazama: unavyoshika chupa, unavyoifungua, unavyomjibu mgeni. Ngazi ya mwisho ni ngumu mno. Mtahiniwa huwekewa glasi 6 bila kuonyeshwa chupa. Kwa dakika 25 huonja na kueleza kila mvinyo ni wa zabibu gani, wa nchi gani na wa umri gani. Wengi hushindwa, wakarudi tena.

Njia nyingine ni ya WSET, shirika lililoanzishwa London mwaka huohuo wa 1969. Nayo ina ngazi 4. Hapo utajifunza vizuri habari za mizabibu, hali ya hewa na jinsi mvinyo unavyotengenezwa. Lakini hutatahiniwa kuhudumia meza. Cheti hiki chamfaa sana mwuzaji. Kwa mtumishi wa mezani, mimi naona ni nusu ya kazi.

Ila kabla ya zote mbili, tafuta kazi mkahawani, hata ya kuosha glasi. Tinashe Nyamudoka alitoka Zimbabwe mwaka 2008 akaenda Afrika Kusini. Alifanya kazi mikahawani huku akijifunza, hata akawa mkuu wa masomeliye katika mkahawa mashuhuri wa Cape Town. Mwaka 2017 yeye na Wazimbabwe wenzake 3 walikwenda Ufaransa kushindana kuonja mvinyo bila kuiona chupa.

Sasa chukua kalamu. Andika barua kwa chuo unachokitaka, uulize mambo haya: karo ni kiasi gani, mtihani ni wa lugha gani, na anayeshindwa hulipa kiasi gani kuurudia. Juma lijalo tutazisoma barua hizo pamoja.